Tarehe ya gogo: wachongaji wa Tana na kijahazi cha mfano

Mafundi wa Lamu wanaounda vijahazi vya mfano husifiwa kila mahali. Wachonga mitumbwi wa Garsen, Ngao na Golbanti hawana anayewataja. Tarehe hii yaandikwa ili haki irudi kwa mwenyewe. Dai lake ni moja: kijahazi cha mfano, kiwe cha kupamba rafu au cha watoto kushindania maji yakijaa, kina wazazi wawili. Kamba na tanga ni za Mwamu, wala hatumnyang'anyi. Lakini mwili wake ni wa mchonga gogo, na katika kazi ya gogo Wapokomo wa Tana hawana wa kuwatangulia pwani hii.

Mwanzo wa habari ni Shungwaya. Wazee wa Pokomo ya chini, yaani Buu, Ngatana, Dzunza, Kalindi na Mwina, wamepokezana kwamba baba zao walitoka huko wakaushika mto, na neno lao latosha. Wasomi wenye shaka husema Shungwaya ni jina ambalo kila kabila la pwani limejivika. Na iwe hivyo. Ushahidi wa chombo ni mkongwe kuliko ushahidi wa ukoo. Periplus ya Bahari ya Erithrea, kitabu cha wafanyabiashara wa baharini cha karne ya 1, yataja katika pwani hii vyombo vya namna mbili: mitumbwi ya gogo moja na mashua za kushonwa. Mashua ya kushonwa ina mrithi wake, mtepe wa Wabajuni, unaosifiwa na kila mtu. Mtumbwi wa gogo bado unavusha watu Tana, nao haukupata msifu.

Mti wa wachongaji hawa wa Tana ni mwalole, popla ile inayoota kandokando ya mito ya mashariki mwa Kenya, au mwembe mwalole ukikosekana. Sura ya nje huchongwa kwanza, kisha tumbo hukombwa kwa tezo, na hapo ndipo fundi hujulikana: ubavu mmoja ukizidi unene chombo hulala, wala hakuna ubao wa kuongeza au kalafati ya kuficha kosa. Mitumbwi hiyo ndiyo iliyoteremsha nafaka hadi Kau na Kipini, hasa baada ya mfereji wa Belezoni kuchimbwa katika karne ya 19, zama za masultani wa Witu, ukauunganisha Tana na mto Ozi. Mto wenyewe baadaye ukaupenda mfereji kuliko njia yake, ukahamia humo, na leo humwaga maji Kipini. Mwaka 1891 Dundas, nahodha wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, aliupanda mto kwa meli ya moshi iliyoitwa Kenia. Meli haiko, mitumbwi iko.

Na hapa sharti tusimame kwa ajili ya ngadzi, maana gogo ni gogo. Ngoma hiyo kubwa ya Wapokomo, iliyokombwa katika mti na kutunzwa mafichoni na wazee, ilitwaliwa na maofisa wa Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 20, na tangu 1908 iko katika Makumbusho ya Uingereza, London. Wapo wanaodai kwamba huko imehifadhika vizuri kuliko ambavyo ingehifadhika msituni. Hoja hii ingekuwa na uzito kama ngoma ingeundwa ili ihifadhike. Iliundwa ilie, watu waisikie wakusanyike. Iliyowekwa ghalani ng'ambo ya bahari haifanyi hata moja kati ya hayo. Warudishe.

Turudi kwenye kijahazi. Fundi wa Matondoni, Lamu, anayeunda jahazi la kweli huanza na mkuku, akasimamisha mataruma, akapigilia mbao. Lakini vijahazi vingi vya mfano haviundwi hivyo. Mwundaji hutwaa kipande cha mti, akachonga nje, akakomba ndani: ameunda mtumbwi, apende asipende. Kisha ndipo huuvika mlingoti, foromali, henza na demani, nao ukawa jahazi. Ngalawa ya mtoto yashuhudia zaidi, kwa kuwa hata ngalawa ya kweli ni mtumbwi uliotiwa matengo.

Mwamu atajibu kwamba kazi ngumu ni ya kamba, si ya mwili. Tupime. Chukua jahazi, ulipunguze mara 10 kila upande. Eneo la tanga hupungua mara 100, na kwa kuwa mlingoti nao umefupika mara 10, nguvu ya upepo ya kukipindua chombo hupungua mara 1,000. Lakini uzito umepungua mara 1,000, na mkono wa uzito huo mara 10 zaidi, hivyo nguvu ya kukisimamisha imepungua mara 10,000. Upepo ni ule ule. Kijahazi kimekuwa dhaifu mara 10 kuliko babu yake. Ndiyo maana kikiigwa sawasawa hupinduka, na dawa yake haimo katika kamba: ni matengo, au farumi nzito chini, au tumbo pana zaidi. Yote ni kazi ya mwili.

Wanaounda ndege za mfano za mabawa mawili hukutana na jambo la namna hii. Ndege ya kwanza kuandikishwa Kenya, DH.51 ya John Carberry iliyoitwa Miss Kenya, ilifungwa waya baina ya mabawa: nyingine za kuyashikilia yasipinde juu iwapo angani, nyingine za kuyabeba ikiwa chini. Katika mfano wa rafuni waya hizo ni nyuzi, na bawa limeshikwa na gundi. Uzi unaonyesha kazi bila kuifanya. Kamba za kijahazi cha rafuni ni vivyo hivyo. Lakini mwili wake ukiutia majini utaelea kweli.

Limebaki pingamizi la mtepe. Mfano wa mtepe wenye mbao zilizoshonwa, tanga la miaa na omo la kichwa cha ngamia, ngamia wa Mtume kama wasemavyo Wabajuni, si gogo, na tunakubali. Huo ni wa Wabajuni peke yao. Tena wana sifa: mitepe ya kweli ilipokwisha, palibaki picha, maandishi na mifano, na walioujenga upya mtepe Unguja mwaka 2003, wakauita Shungwaya, hawakuwa na mtepe mzima wa kuupima.

Zamu ya mtumbwi yaja. Mwalole huota upya palipofurika na kuacha tope jipya, na tangu bwawa la Masinga likamilike mwaka 1981, kisha Kiambere, mafuriko ya chini hayaji kama zamani. Gogo la kutosha mtu na mizigo yake ni adimu. Kipande cha kutosha kijahazi bado kipo, na anayekikomba Garsen anatumia tezo ile ile.