Hesabu ya Hewa na Petroli: Jinsi Turbo Ilivyotiwa Adabu

Oktoba 26, 1986, mjini Adelaide, Australia, Alain Prost alikimbia mizunguko ya mwisho ya msimu wa Formula 1 huku kompyuta ya gari lake ikimwonyesha kwamba petroli imekwisha. Hesabu ilishapita sifuri, ikawa inasoma upungufu wa lita kadhaa. Miezi mitatu nyuma, kule Hockenheim, Ujerumani, tangi lilimkaukia kweli kwenye mzunguko wa mwisho, akashuka akalisukuma gari kwa mikono watu wakimtazama. Safari hii hakupunguza mwendo. Alivuka mstari akiwa wa kwanza, akasimamisha gari papo hapo, akaruka juu kwa furaha. Alikuwa bingwa wa dunia, na kompyuta ilikuwa imekosea.

Naanza na kisa hicho kwa sababu ndicho kiini cha historia ya injini za turbo. Nguvu zilipatikana mapema. Kilichochelewa ni kipimo.

Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya turbo mwaka 1905. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha gurudumu lenye mapanga, gurudumu hilo linazungusha lingine, na hilo la pili linasukuma hewa kwa nguvu kuingia kwenye injini. Hewa ikizidi, unaweza kuongeza petroli, na nguvu zinaongezeka. Kazi ngumu ni kujua uongeze kiasi gani. Kilo moja ya petroli inahitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue yote. Mguu ukikanyaga mpaka chini, injini hutoa nguvu zaidi mchanganyiko ukiwa mzito kuliko hapo, kama 12.5 kwa 1, na mafundi wengi wa turbo huushusha hata kufikia 11.5. Petroli ile ya ziada haiungui. Inageuka mvuke, na katika kugeuka inabeba joto na kuipoza injini. Ukiibana petroli wakati turbo inasukuma, joto linapanda, na sehemu ya mchanganyiko inalipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Hapo ndipo injini inagonga. Pistoni ni ya alumini, na alumini haivumilii kugonga huko kwa muda mrefu.

Zamani fundi hakuwa na namba ya kumwongoza. Alifungua plagi akaisoma. Ikiwa nyeusi yenye masizi, mchanganyiko ni mzito. Ikiwa na rangi ya kahawia iliyopauka, mambo ni mazuri. Ikiwa nyeupe kama chokaa, mchanganyiko ni mwepesi. Akiona juu ya ule weupe vitone vidogo vinavyong'aa, kama vumbi la fedha, alijua ameshachelewa, kwa kuwa hiyo ilikuwa alumini ya pistoni iliyoanza kuyeyuka.

Wamarekani waliingia na turbo kwenye magari ya kawaida mwaka 1962, kwa Chevrolet Corvair Monza Spyder na Oldsmobile Jetfire. Ya pili ndiyo inayonivutia. Injini yake ya V8, lita 3.5, ilitoa nguvu za farasi 215, na ili isigonge, wahandisi waliweka tangi la pembeni lenye maji na methanoli, yakawa yananyunyizwa kwenye mchanganyiko kila turbo inaposukuma. Lilikuwa wazo zuri sana kihandisi, lakini lilimtegemea mwenye gari akumbuke kujaza tangi. Wengi hawakukumbuka, gari likajipunguzia nguvu, malalamiko yakazidi, na hatimaye kampuni ikawa inawaondolea wateja turbo na kuwafungia kabureta ya kawaida. Jetfire haikuuzwa tena baada ya 1963.

Porsche 911 Turbo ya 1975 ilitumia injekta badala ya kabureta. Hata hivyo, hatua kubwa zaidi zilikuwa mbili, na zote zilihusu kuipa injini hisia. Mwaka 1976 Volvo ilianza kuuza Marekani magari yenye sensa ya Bosch iliyofungwa kwenye ekzosi, inayonusa oksijeni iliyobaki kwenye moshi. Miaka michache baadaye Saab, chini ya mhandisi Per Gillbrand, ikaifungia injini yake ya turbo sensa inayosikiliza kama injini inagonga. Injini ikigonga, kompyuta inapunguza msukumo wa turbo hapo hapo. Gari lilianza kujilinda lenyewe, hata likiwekewa petroli duni.

Sensa ile ya kwanza ya oksijeni ilikuwa na kasoro moja kubwa. Iliweza kusema tu kama mchanganyiko ni mzito au mwepesi kuliko ule wa 14.7. Fundi wa turbo anayetaka kujua kama yuko kwenye 11.5 au 12.8 hakupata jibu kwenye sensa hiyo. Ilibidi asubiri mpaka miaka ya 1990, sensa za masafa mapana zilipoanza kuenea na kumpa namba kamili.

Turudi kwenye mbio za Prost. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 timu za Formula 1 ziliimwagia injini petroli ili ipoe, na katikati ya muongo huo BMW ya silinda nne, cc 1,500 tu, ikavuka nguvu za farasi 1,000 kwenye mizunguko ya kufuzu. Mwaka 1984 kanuni zikabana matumizi kuwa lita 220 kwa mbio nzima, bila kujaza njiani. Mwaka 1986, ule wa Prost kule Adelaide, zikawa 195, na mwaka 1988 turbo zikapewa 150 pekee. Kuipoza injini kwa petroli sasa kulimaanisha kuishia njiani. Honda ilijibu kwa petroli yenye asilimia 84 ya toluini, ambayo ni ngumu kugonga, na kwa hesabu ya kompyuta kwa kila mlipuko. Mwaka ule wa lita 150, McLaren zenye injini ya Honda zilishinda mbio 15 kati ya 16. Kwangu mimi huo ndio ushindi mkubwa kuliko wote wa enzi ya turbo, maana ulipatikana kwa kubana matumizi.

Sisi wa Afrika Mashariki tuliiona turbo ikipimwa kwa namna nyingine. Safari Rally ya 1984 mshindi alikuwa Björn Waldegård akiwa na Toyota Celica Twincam Turbo. Juha Kankkunen akafuata mwaka 1985, na Waldegård akarudia 1986. Nairobi iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza hapo karibu moja ya sita ya hewa yake. Turbo huirudisha, mradi petroli ihesabiwe upya kila barabara inapopanda na kushuka, kwenye joto na vumbi, kwa maelfu ya kilomita.

Leo turbo zimejaa mitaani kwetu, zikiwemo Subaru zilizotumika Japani, na zile za kasi zilipangiwa kiwandani petroli ya daraja la juu ya kule. Zikifika hapa zinapewa petroli nyingine, kisha mwenyewe anabadilisha ekzosi, anaongeza msukumo, na hesabu ya mafuta inabaki ile ile. Kwenye gereji za mafundi wa magari haya utaonyeshwa pistoni iliyokatika ukingo kati ya ringi na ringi, kipande kisichozidi kucha ya kidole gumba. Kipande hicho kinatosha kuiua injini nzima.

Kwa hiyo nakuomba, kabla hujamlipa mtu akuongezee nguvu kwenye gari la turbo, mtake afunge sensa ya masafa mapana, mwende naye barabarani, na akuonyeshe namba wakati mguu umekanyaga mpaka chini. Asiyeweza kukuonyesha namba, usimwachie gari lako.