Baridi ya Ruiru Yatoka Baharini Kwetu

Julai ya kwanza niliyoishi Ruiru nilidhani jua limehamishwa. Siku nne sikuliona. Asubuhi ukungu, mchana mawingu ya kijivu, jioni rasharasha. Mama mmoja muuza mboga aliniona nimejifunga kikoi juu ya sweta akacheka: "Wewe mtu wa Mombasa, utazoea tu." Usiku nikampigia ami yangu, mvuvi, kumlalamikia. Naye akanijibu, "Huku nako kusi limechafuka, mwanangu. Mashua zote ziko juu." Kumbe sote wawili twalalamikia upepo mmoja.

Upepo huzaliwa na jua. Hewa ya karibu na ikweta ikipata joto huwa nyepesi, hupanda, na hewa ya kaskazini na kusini huja kujaza nafasi yake. Lau dunia haizunguki, ingekuja moja kwa moja. Lakini mzunguko huipinda: kaskazini mwa ikweta kwenda kulia, kusini kwenda kushoto. Ndipo kusi hutufikia kutoka kusini-mashariki, kisha likishavuka ikweta hugeuka kuelekea Bara Hindi. Kuanzia Disemba hadi Machi mambo hupinduka. Asia imepoa, hewa yake nzito husukumwa kuja kwetu, nasi twaita kaskazi. Majahazi ya Waarabu yalikuja nalo na kurudi na kusi, hilo hata watoto wa chuoni walijua.

Sasa, Ruiru na Thika ziko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Kusi la Julai limetoka upande ambako ni majira ya baridi, limepita juu ya maji, limebeba unyevu. Likipanda nyanda za juu hupoa, na unyevu hugeuka mawingu ya chini. Juu yake kuna hewa yenye joto zaidi, kama kifuniko cha sufuria, basi mawingu hayakui yakaleta mvua kubwa. Hubaki kutanda na kuziba jua. Mchoo wetu wa Pwani na rasharasha ya Ruiru zaletwa na kusi hilo hilo.

Mvua kubwa huja pepo mbili zinapokutana. Ukanda wa makutano hayo hufuata jua, nao hupita juu yetu mara mbili kwa mwaka: masika kuanzia Machi hadi Mei, na vuli kuanzia Oktoba hadi Disemba. Thika hupata mvua misimu hiyo hiyo.

Na maji hayo hayabaki huko. Mto Ruiru huingia Athi, ambao ukifika Malindi twauita Sabaki; ule wekundu wa bahari ni udongo wa bara. Mto Thika huingia Tana hadi Kipini. Vuli ya 2023, El Niño ilipokutana na joto la Bahari ya Hindi upande wetu, Tana ilifurika na watu wa Garissa na Tana River wakahama makwao. Wengi wetu tulisikia redioni kwamba bara kunanyesha, tukabadilisha stesheni. Bara si kwetu, tulisema.

Shangazi yangu aishiye Garsen habadilishi tena. Akinipigia, salamu hazijaisha huuliza, "Thika kwanyesha? Masinga imejaa?" Nikimjibu ndiyo, jioni hiyo hiyo huhamisha mbuzi.