Wimbo wa kampeni ni wa nani? Historia fupi ya hakimiliki, kutoka Timboroa

UZI. Ni mrefu kidogo, chukua chai.

1/ Hapa Timboroa msafara wa kampeni haupiti bila kusimama. Barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret imepita katikati yetu, wauza waru na karoti wako kando, na baridi inafanya watu wakusanyike haraka popote penye kelele. Msimu uliopita nilikuwa hapo nikasikia wimbo wa jirani yetu, mzee wa makamo anayeimba Kikalenjin, ukitoka kwenye spika za pikapu. Sauti ni yake. Jina la mgombea limebandikwa kwenye kiitikio.

2/ Mzee mwenyewe alikuwa amesimama na sisi, gunia tupu mkononi. Watu wakampongeza, ati amefika mbali. Alipowauliza vijana wa pikapu nani aliwapa ruhusa, akapata majibu manne: wimbo ukishatoka ni wa wananchi, tumelipia leseni, ni kipande kidogo tu, sheria inaruhusu "matumizi ya haki", na mwisho, si tumetaja jina lako? Majibu haya manne nayaona hapa mtandaoni kila wiki, kutoka kila upande wa siasa. Leo tuyapime. Lakini kwanza historia, manake bila hiyo tutabishana hewani.

3/ Hakimiliki ya kisasa ilianzia Uingereza, kwenye sheria ya Malkia Anne ya 1710. Kabla ya hapo chama cha wachapishaji wa London ndicho kilishika kila kitu. Sheria ile ikasema haki ya kuchapisha kitabu inaanzia kwa mtunzi, kwa miaka 14, na mingine 14 kama bado yuko hai. Mambo mawili yalizaliwa hapo: haki ni ya aliyetunga, na haki ina mwisho. Ikiisha, kazi inakuwa ya umma. Kwa hivyo "wimbo ni wa wananchi" sio uongo mtupu. Ni kweli iliyosemwa kabla ya wakati wake.

4/ Huku kwetu hakimiliki ilikuja na ukoloni. Sheria ya Uingereza ya 1911 ilienezwa mpaka makoloni. Kumbuka ilikuwa sheria iliyofikiria vitabu, magazeti na santuri: kitu kilichoandikwa au kunaswa, chenye mtunzi anayejulikana kwa jina. Sasa hebu ilete sheria hiyo kwenye nyanda hizi za juu, ambako wimbo ulikuwa unapokewa kwa bibi, unaongezwa ubeti harusini, na hakuna aliyeuliza hati.

5/ Mfano wenyewe uko upande wa pili wa milima, Kericho. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akiishi Afrika Kusini, alizunguka na mashine ya kurekodi. Kwa Wakipsigis alinasa wasichana wakiimba "Chemirocha". Jina hilo ni matamshi ya kwetu ya Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Kimarekani aliyekufa 1933 na ambaye santuri zake zilikuwa zimefika vijijini. Yaani sauti ya Mmarekani ilikuja kwa santuri, wasichana wakaigeuza kuwa kitu chao kabisa, halafu sauti yao nayo ikaondoka kwa santuri.

6/ Rekodi ile ikasikika duniani kote. Ilitunzwa Afrika Kusini kwenye maktaba ya muziki wa Kiafrika ambayo Tracey aliianzisha 1954. Zaidi ya miaka 60 ilipita ndipo nakala zikarudishwa kwa Wakipsigis, zikasikika tena pale zilipoimbwa. Simwiti Tracey mwizi. Bila yeye sauti zile zingepotea. Ninachosema ni kwamba sheria ya wakati ule ilijua kumwona mwenye mashine. Mwenye koo haikumwona vizuri.

7/ Hata aliye na jina hakuwa salama. Chukua "Malaika". Fadhili William aliurekodi Nairobi, Miriam Makeba akaubeba mpaka majukwaa ya dunia, na wengine wengi wakaurekodi. Na mpaka leo Wakenya na Watanzania wanabishana nani aliutunga, kwa sababu wako wanaosema ni Adam Salim wa Tanzania. Wimbo ambao kila mtu anaujua, na swali la kwanza kabisa la hakimiliki bado lina ugomvi. Kisa ni kimoja: hakukuwa na karatasi ya mapema iliyoaminiwa na wote.

8/ Baada ya uhuru tukatunga sheria yetu ya hakimiliki mwaka 1966. Wanamuziki wakapata chama cha kukusanya mirabaha, MCSK, mwaka 1983. Halafu ikaja Sheria ya Hakimiliki ya 2001, iliyoanza kazi Februari 2003 na kuleta Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, ile mnaiita KECOBO. Katiba ya 2010, kifungu cha 40, inasema wazi kwamba Serikali italinda haki za ubunifu za watu wa Kenya. Na 2016 tukapata sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii, ile ambayo wasichana wa "Chemirocha" wangeihitaji.

9/ Kwa hivyo leo mzee wetu wa Timboroa ana nini? Zaidi ya anavyodhani. Haki yake ilianza siku aliporekodi. Hakuhitaji kusajili popote. Kusajili KECOBO kunasaidia kama ushahidi, lakini sio kusajili kunakozaa haki. Utunzi wake unalindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Na katika wimbo mmoja kuna haki zaidi ya moja: ya utunzi, ya rekodi, na ya mwimbaji. Shikilia hiyo, tutaihitaji.

10/ JIBU LA KWANZA: "wimbo ni wa wananchi." Mwaka 2002 kundi la Gidi Gidi Maji Maji lilitoa "Unbwogable". Neno lenyewe limezaliwa kwenye Kijaluo, na Kiingereza kimeshonewa mbele na nyuma. Upinzani wa wakati ule ukauchukua, na uchaguzi ule ukawa na wimbo wake. Nani anaweza kusema wananchi hawakuumiliki? Waliumiliki kwa mapenzi. Lakini mapenzi ni kitu kimoja na umiliki ni kingine. Mkate ukipendwa na mtaa mzima, mwokaji bado analipwa.

11/ JIBU LA PILI: "tumelipia leseni." Hili ndilo lenye uzito, na hapa wengi wanakosea bila nia mbaya. Mwandaaji wa mkutano anaweza kulipia leseni ya kupiga muziki hadharani kupitia vyama vya kukusanya mirabaha. Leseni hiyo inamruhusu kucheza nyimbo uwanjani. Haimruhusu kuchukua wimbo na kuushona kwenye video ya kampeni. Hiyo ya pili ni ruhusa nyingine, na inaombwa kwa mwenye wimbo moja kwa moja. Anaweza kukataa.

12/ Nchi nzima ililijadili jambo hili Mei 2022. Muungano mmoja mkubwa ulikuwa unamtangaza mgombea mwenza, na wimbo "Extravaganza" wa Sauti Sol ukatumika kusindikiza video. Bendi ikatoa taarifa: hatukutoa leseni, hatukuridhia, na hatuungi mkono upande wowote. Muungano ukajibu kwa upole kwamba ulipiga wimbo kwa kuwapenda. Wafuasi wakagawanyika hapa hapa mtandaoni: wengine wakasema bendi ina kiburi, wengine wakasema ni wizi. Wachache sana waliuliza swali lenyewe: ni kupiga uwanjani, au ni kushona kwenye video?

13/ Na angalia kile bendi ilichodai. Hawakudai pesa pekee. Walidai pia kutoonekana wako upande fulani. Sheria yetu inalijua hilo. Mtunzi ana haki ya kutambuliwa kama mtunzi, na ya kupinga kazi yake ikipotoshwa kwa namna inayoharibu heshima yake. Rudi kwa mzee wetu: kiitikio chake kilibadilishwa kikawekwa jina la mtu. Kesho yake nusu ya wateja wake wa waru waliamini amechukua upande. Hasara hiyo haina risiti.

14/ JIBU LA TATU: "ni matumizi ya haki." Hapa jameni tusikilizane. Msemo huo tumeuokota YouTube, na YouTube imeuokota Marekani. Kule ulianza mahakamani mwaka 1841, kwenye kesi ya barua za George Washington zilizonakiliwa kwenye kitabu cha mtu mwingine. Mwaka 1976 ukaingia kwenye sheria yao kwa vipimo vinne: umetumia kwa lengo gani, kazi yenyewe ni ya aina gani, umechukua kiasi gani, na umeharibu soko la mwenyewe kiasi gani. Mlango uko wazi, hakimu anapima.

15/ Sisi tulirithi mtindo wa Kiingereza wa 1911, ambao ni orodha. Sheria ya Kenya inaruhusu utumiaji wa haki kwa utafiti wa kisayansi, matumizi binafsi, uhakiki, na kuripoti habari za sasa, chanzo kikitajwa. Kuna ruhusa nyingine za kando, kwa mfano vifungu vifupi kwenye vitabu vya shule, au nakala kwa ajili ya kesi kortini. Soma orodha juu mpaka chini. Kampeni haimo. Na ile "kanuni ya sekunde 30" haimo pia.

16/ Hata kule Marekani mlango wazi sio mlango wa bure. Mwaka 2008 mwanamuziki Jackson Browne alishtaki kampeni ya urais kwa kutumia wimbo wake "Running on Empty" kwenye tangazo. Upande wa kampeni ukajitetea kwa matumizi ya haki. Hakimu akakataa kuitupa kesi mapema kwa hoja hiyo, na mwaka 2009 ikaisha kwa maridhiano. Kwa hivyo anayekopa hoja ya Kimarekani akope na mwisho wake.

17/ JIBU LA NNE: "tumetaja jina." Kutaja jina ni sharti la kuhakiki au kuripoti, sio mbadala wa ruhusa. Ukichukua ng'ombe wa mtu ukaandika jina lake kwenye kamba, bado umechukua ng'ombe.

18/ Sasa upande wa pili, manake sitaki mtu aondoke hapa akidhani hakimiliki ni rungu tu. Tangu marekebisho ya 2019, mwenye kazi anaweza kutuma ilani ili kitu kiondolewe mtandaoni. Ni nzuri kwa mwanamuziki. Lakini mwanasiasa aliyeaibika naye anaweza kudai klipu ya hotuba yake "ina hakimiliki" ili ifutwe. Hapo ndipo orodha ile ya namba 15 inakuwa ngao yako. Ukionyesha kipande cha hotuba ukakihakiki, au ukakiripoti kama habari na kutaja chanzo, uko ndani ya sheria. Na kutuma ilani ya uongo ni kosa.

19/ Mnaona mstari unapopita? Matumizi ya haki yaliwekwa kumlinda anayesoma, anayekosoa na anayeripoti. Hayakuwekwa kumpunguzia gharama anayetafuta kura. Mwananchi akinukuu manifesto ili aipinge, hiyo ndiyo kazi yake. Kampeni ikichukua wimbo ili ipendwe, hiyo ni bidhaa, na bidhaa inanunuliwa.

20/ Najua mtasema, "na hizo pesa za leseni zinafika kwa nani?" Swali halali. Leseni za vyama vya mirabaha zimepiganiwa kortini mara kwa mara, na wasanii wengi wa mashinani hawajawahi kuona kitu. Bunge limejaribu kurekebisha: marekebisho ya 2022 yanasema mapato ya milio ya simu yagawanywe ili msanii apate si chini ya asilimia 52. Lakini ukusanyaji mbovu ni hoja ya kurekebisha ukusanyaji. Haigeuzi wimbo wa mtu kuwa wako.

21/ Mzee wetu alifanya nini? Tulikaa naye jioni. Tukatafuta kaseti ya kwanza na tarehe ya kurekodi studio, tukaandika majina ya waliopiga gita, tukahifadhi video ya pikapu ikiwa na siku na saa. Kisha barua moja fupi kwa ofisi ya mgombea: wimbo ni wangu, sikutoa ruhusa, ondoeni au tuketi tuzungumze. Wimbo uliondolewa. Pesa hakupata. Kaseti na karatasi sasa zinakaa kwenye sanduku moja, na ameanza kushughulikia usajili.

22/ Kama wewe ni msanii, fanya hivyo leo, sio siku utakaposikia sauti yako barabarani. Kama unasimamia spika za mgombea, uliza kabla ya kubonyeza: napiga uwanjani, au nashona kwenye video? Na kama una mjomba kwenye timu ya kampeni, yoyote ile, mtumie huu uzi.

Maswali weka hapo chini. Nitajibu nikitoka sokoni, mtandao wa huku ukikubali.