Mkono unaovuta kishikio: historia ya kuwaandaa warukaji wa mara ya kwanza

Al Amerat ni bonde lililojificha nyuma ya milima ya mawe ya Muscat, mji mkuu wa Oman, jiji ambalo Kiswahili bado husikika majumbani na masokoni miongo kadhaa baada ya familia nyingi kurejea huko kutoka Zanzibar na pwani ya Afrika Mashariki. Kijana wa bonde hilo akitamani kuruka kutoka kwenye ndege, peke yake, bila kufungwa kifuani kwa mkufunzi, shule mojawapo inayojulikana zaidi katika eneo la Ghuba ni ile ya jangwani huko Dubai, safari ya saa kadhaa kwa gari.

Akifika huko hapandi ndege mara moja. Kwanza hulazwa kifudifudi, mgongo umepinda, mikono imetanuliwa, na huambiwa anyooshe mkono nyuma ya kiuno na kuvuta kishikio. Atavuta mara kumi, mara ishirini, hadi mkono uache kuuliza. Mazoezi hayo yanaonekana kama mchezo wa watoto, lakini kila tendo lake lina historia ndefu, na sehemu ya historia hiyo imepita Kongo na Uganda.

Mfaransa André-Jacques Garnerin, aliyeshuka kwa parachuti mjini Paris tarehe 22 Oktoba 1797, hakuwa na wa kumfundisha. Zaidi ya karne moja baadaye, wataalamu wengi wa urubani bado waliamini kwamba mtu anayeanguka huru angani hupoteza fahamu, au walau hushindwa kuutumia mkono wake. Tarehe 28 Aprili 1919, katika uwanja wa McCook jimboni Ohio, Marekani, Leslie Irvin aliruka kutoka kwenye ndege, akaanguka huru, kisha akaifungua parachuti kwa mkono wake mwenyewe. Mkono ulifanya kazi. Kilichovunjika ni kifundo cha mguu, alipotua. Katika tukio hilo moja yalijitokeza maswali mawili ambayo walimu wa kuruka wameendelea kuyajibu tangu siku hiyo: mkono utatii kweli wakati wa hofu, na miguu itaipokeaje ardhi?

Majeshi yalilijibu swali la kwanza kwa njia ya mkato. Yaliuondoa mkono. Parachuti ya askari ilifunguliwa na kamba iliyofungwa ndani ya ndege, hivyo mrukaji alichotakiwa kufanya ni kutoka mlangoni tu. Baada ya Waziri Mkuu wa Uingereza Winston Churchill kutaka, mwezi Juni 1940, liundwe jeshi la askari 5,000 wa miavuli, shule ilianzishwa haraka katika uwanja wa Ringway, mahali ulipo leo uwanja wa ndege wa Manchester. Vifaa vilikuwa haba na ujuzi ulikuwa haba zaidi. Tarehe 25 Julai mwaka huohuo askari mmoja mwanafunzi alikufa baada ya parachuti yake kushindwa kufunguka. Kutokana na majaribio na misiba ya namna hiyo ndipo mafunzo ya ardhini yalipokomaa: magodoro, bembea, vibanda vilivyoundwa mfano wa tumbo la ndege, na baadaye puto kubwa lililopandisha wanafunzi wachache angani kimya kimya. Wengi waliopitia hapo walisimulia kwamba waliliogopa puto kuliko ndege, kwa kuwa halikuwa na ngurumo ya kuufunika moyo. Hadi shule hiyo ilipohama Ringway mwaka 1946 ilikuwa imefundisha zaidi ya watu 60,000.

Wamarekani nao walijenga minara ya mita 76, wakimfunga mwanafunzi kwenye parachuti iliyokwisha kutanuka na kumwachia ashuke. Swali la miguu lilipata jibu linalofundishwa hata leo: unganisha miguu, kunja magoti kidogo, kisha mwili uanguke kwa mpangilio, kutoka nyayo hadi ubavu wa muundi, paja, kalio na mgongo, ili kishindo kigawanywe badala ya kubebwa na mfupa mmoja.

Ujuzi huo ulipoingia Afrika haukuja kama mchezo. Mwaka 1963 mkuu wa majeshi ya Kongo, Joseph-Désiré Mobutu, alikwenda Israel pamoja na askari wake zaidi ya 200 kujifunza kuruka. Jenerali akawa mwanafunzi wa mara ya kwanza kama kuruta yeyote, kwani ardhi haipigi saluti. Alirudi nyumbani na beji ya mbawa kifuani, na kikosi cha miavuli kikawa nguzo ya mamlaka yake. Tarehe 24 Novemba 1964, askari wa miavuli wapatao 320 wa Ubelgiji, waliotokea kituo cha Kamina kwa ndege za Marekani, waliruka alfajiri juu ya uwanja wa ndege wa Stanleyville, Kisangani ya leo, kuwaokoa mateka wa kigeni waliokuwa mikononi mwa waasi wa Simba. Mateka wengi waliokolewa, baadhi waliuawa kabla askari hawajawafikia, na Wakongo waliopoteza maisha katika vita hivyo ni maelfu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Serikali kadhaa za Afrika, ikiwemo ya Tanzania, zililaani tendo hilo. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ileile ya 24 Novemba, Mobutu alitwaa madaraka, na akakaa nayo kwa miaka 32.

Uganda nayo ilipata wakufunzi wa Israel katika miaka ya 1960. Idi Amin, aliyepindua serikali mwezi Januari 1971, aliwafukuza Waisraeli mwaka uliofuata, lakini mbawa zao hakuzivua. Mwaka 1976 katika uwanja wa Entebbe, baadhi ya mateka walisimulia kwamba aliwatembelea akiwa na beji hiyohiyo ya askari wa miavuli wa Israel kwenye sare yake. Si ajabu basi kwamba kwa kizazi kizima cha Waafrika Mashariki parachuti ilikuwa kitu cha serikali, na pengine cha kutisha.

Wakati huo huko Marekani mambo yalikuwa yameanza kugeuka. Mwaka 1959, mjini Orange katika jimbo la Massachusetts, Jacques-André Istel, mzaliwa wa Paris, na mwenzake Lew Sanborn walifungua kituo cha kufundisha raia wa kawaida. Hoja yao iliwashangaza wanajeshi: mtu asiye na mafunzo yoyote anaweza kuandaliwa kwa saa chache na kuruka peke yake siku hiyohiyo. Lakini kamba ya jeshi ilibaki, na mkono ulikuwa bado hauaminiwi.

Uliaminiwa rasmi mwaka 1981, chama cha warukaji cha Marekani kilipoidhinisha mfumo mpya wa mafunzo. Katika mfumo huu mwanafunzi huruka kutoka takriban mita 4,000, wakufunzi wawili wakimshika, mmoja kila upande, na parachuti huifungua mwenyewe. Kadiri anavyoendelea, mikono hiyo humwachia, hadi baada ya miruko kama saba hivi anatoka mlangoni bila mtu. Mwaka 1991 kikaongezwa kifaa kidogo kilichoundwa Ujerumani, ambacho huifungua parachuti ya akiba chenyewe iwapo mrukaji bado anaanguka kwa kasi akiwa amebakiza mita mia chache tu. Kifaa hicho kimeokoa watu wengi, ingawa walimu hawapendi mwanafunzi akitegemee.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya siku ya kwanza hutumika kwa balaa ambalo huenda lisitokee. Mwanafunzi huning'inizwa kwenye mikanda kutoka darini, akaonyeshwa picha za parachuti zilizosokotana, zilizochanika au zilizogoma kutanuka, na papo hapo hutakiwa aamue: inafaa au haifai? Ikiwa haifai, hutazama kishikio cha kulia, hukivuta kuitupa parachuti mbovu, kisha hukivuta cha kushoto kuifungua ya akiba. Hufundishwa pia kuisoma saa ya mkononi inayoonyesha urefu, kwani kwa kasi ya kilomita 200 kwa saa hakuna muda wa kubahatisha.

Katika kasi hiyo hakuna lugha inayosikika, iwe Kiarabu, Kiingereza au Kiswahili. Wakufunzi husema kwa vidole: viwili vilivyonyooshwa, nyoosha miguu, kimoja kinachoelekezwa mbele ya uso, vuta sasa. Ishara hizo hutumika Dubai, na hufundishwa pia Diani, kusini mwa Mombasa, ambako wageni na wenyeji sasa hutua kwenye mchanga wa ufukweni, mbele ya wauza madafu.

Jambo moja zaidi linaitofautisha shule ya raia na ile ya Ringway. Huko, askari aliyekataa kuruka alirudishwa kikosini kwake mara moja, kabla hajaonana tena na wenzake. Leo mwanafunzi akifika mlangoni, akautazama mchanga chini na kutikisa kichwa, mkufunzi humrudisha kitini na kumfunga mkanda. Hushuka na rubani, na kesho yake, akitaka, hulala tena kifudifudi na kuanza upya.