Daktari, Kazi Yangu Ni Hii

Leo tuzungumze juu ya kurudi kazini baada ya upasuaji wa saratani ya matiti. Tutaanza mbali kidogo, ili tujue tumetoka wapi.

Mwaka wa 1894, daktari William Halsted wa hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani, aliandika kuhusu upasuaji wake. Aliondoa titi zima, misuli ya kifua na tezi za kwapani. Nia yake ilikuwa njema: kuing'oa saratani pamoja na mizizi yake. Madaktari wengi walimfuata kwa miaka zaidi ya 70. Lakini mara nyingi mama aliyepona alibaki na mkono uliovimba na kukakamaa. Kufua, kubeba mtoto, hata kuchana nywele kukawa taabu.

Mabadiliko yaliletwa pia na wagonjwa wenyewe. Mwaka wa 1952, Terese Lasser alifanyiwa upasuaji huo mjini New York. Alipouliza atautumiaje mkono wake, hakupata jibu la kumtosha. Basi akaanza kuwatembelea wanawake wenzake hospitalini, akiwa na kamba na mpira, awaonyeshe mazoezi ya mkono. Mwanzoni baadhi ya madaktari hawakupendezwa. Mwaka wa 1969, Chama cha Saratani cha Marekani kiliupokea mpango wake.

Mwaka wa 1971, daktari Bernard Fisher na wenzake walianza kulinganisha upasuaji mkubwa na ule mdogo kwa wanawake zaidi ya 1,600. Waliwafuatilia miaka 25. Ikaonekana kwamba walioachiwa misuli ya kifua waliishi sawa na walioondolewa. Tangu miaka ya 1990, wagonjwa wengine hupimwa tezi chache tu za kwapani kwanza, kabla ya kuamua kama nyingine zitolewe.

Hayo yanatuhusu vipi sisi? Mama, daktari hawezi kuulinda mkono wako wa kazi kama hajui kazi yako. Kabla ya upasuaji mwambie: "Daktari, mimi huchuma majani chai," au "Mimi hufua nguo za watu." Muulize mazoezi yaanze lini, na lini utaruhusiwa kuinua ndoo. Usiufunge mkono kwa hofu miezi mingi, utakakamaa. Wala usikimbilie jembe wiki ya kwanza. Pandisha vidole ukutani polepole, kila siku kidogo, kama ulivyoelekezwa. Ukiona pete inabana au mkono unakuwa mzito, rudi kliniki mapema.

Kama umeajiriwa, omba barua ya daktari. Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mfanyakazi aliyefanya kazi miezi 2 mfululizo likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili, na siku 7 kwa nusu mshahara, kila mwaka, akiwa na cheti cha daktari. Siku hizo ni chache. Kwa hiyo zungumza na mwajiri mapema, na umwombe daktari aandike ni kazi gani nyepesi unayoweza kuanza nayo.

Nawe mlezi, mpunguzie mama mzigo, lakini usimnyang'anye kazi zote. Mkono hupona ukitumika kwa kiasi.

Kwaherini, tuonane kliniki.