Msongo wa Mawazo wa Kila Siku: Dalili Zake, Namna ya Kukabiliana Nao na Mahali pa Kupata Msaada

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

Kila alfajiri, wakazi wa Kata ya Buhongwa, Wilaya ya Nyamagana jijini Mwanza, hukusanyika kando ya barabara kuu ya Mwanza–Shinyanga kusubiri usafiri wa kuelekea katikati ya jiji. Wamo wachuuzi wa samaki na mboga, mafundi ujenzi, wanafunzi na watumishi wa umma. Wengi wamebeba mizigo inayoonekana: ndoo, vikapu, mifuko ya vifaa vya kazi. Wapo pia waliobeba mzigo usioonekana: kodi ya nyumba iliyokaribia, marejesho ya mkopo, mtoto anayeumwa, ugomvi wa nyumbani au kibarua kisicho na uhakika.

Mzigo huo wa pili ndio msongo wa mawazo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaueleza kuwa ni hali ya wasiwasi au mkazo wa akili inayotokana na jambo gumu. Kwa maana hiyo, msongo si ugonjwa wala si udhaifu wa tabia. Ni hali inayompata kila binadamu, na kwa kiasi kidogo humsaidia mtu kujiandaa kwa mtihani, kuwahi kazini au kuepuka hatari. Madhara huanza pale unapodumu muda mrefu huku mhusika akiuficha. Makala haya yanaeleza namna ya kuutambua mapema, hatua ambazo mwananchi anaweza kuchukua mwenyewe na mahali pa kwenda hali inapomzidi.

Msongo hufanya nini mwilini

Akili inapohisi tishio, mwili hutoa homoni, zikiwemo adrenalini na kotisoli. Mapigo ya moyo huongezeka, pumzi hufupika na misuli hukaza. Tishio likipita, mwili hurejea katika hali yake ya kawaida. Tofauti na hatari ya ghafla, deni au ugomvi wa ndoa hauishi kwa dakika chache. Mwili hubaki katika hali ya tahadhari mchana na usiku, na hapo ndipo dalili hujitokeza.

Dalili hizo ni pamoja na maumivu ya kichwa, shingo au mgongo, tumbo kuvurugika, moyo kwenda mbio, kukosa usingizi, kukosa hamu ya kula au kula kupita kiasi, hasira za haraka, kusahau na kushindwa kutuliza mawazo kwenye kazi. Wengine huanza kujitenga na watu au kuongeza unywaji wa pombe.

Kwa kuwa dalili nyingi hujitokeza mwilini, watu wengi huishia kununua dawa za maumivu kwenye maduka ya dawa, wakati kiini cha tatizo kinabaki palepale. Ni vyema kupima kwanza, kwa sababu kichwa kuuma na uchovu vinaweza pia kutokana na malaria au shinikizo la juu la damu. Vipimo vikionesha kuwa mwili hauna tatizo na maumivu yanaendelea, mweleze mhudumu wa afya pia yale yanayokusumbua nyumbani au kazini. Taarifa hizo ni sehemu ya matibabu kama ilivyo taarifa ya homa.

Vyanzo vya kawaida vya msongo

Chanzo cha kwanza ni kipato kisicho na uhakika. Mkoa wa Mwanza una watu zaidi ya milioni 3.6 kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya Mwaka 2022, na wengi wao hutegemea biashara ndogondogo, kilimo na uvuvi. Mfano ulio wazi ni dagaa wa Ziwa Victoria. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, hivyo mbalamwezi inapokuwa kali mitumbwi mingi hupumzika. Siku hizo, mchuuzi anayetegemea mzigo kutoka soko la Kirumba Mwaloni huona kipato chake kikipungua, ilhali ada na kodi ya nyumba havifuati mwezi.

Chanzo cha pili ni madeni, hususan mikopo ya haraka ambayo wananchi wameibatiza jina la "kausha damu". Tuchukue mfano wa mama lishe anayekopa shilingi 200,000 na kutakiwa kurejesha shilingi 10,000 kila siku kwa siku 26. Atakuwa amelipa shilingi 260,000, sawa na riba ya asilimia 30 ndani ya muda usiofika mwezi mmoja. Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo na wateja wakakosekana, hukopa kwingine ili alipe deni la awali. Kuanzia hapo kila simu inayoita humshtua, na mara nyingi mwenza wake hana habari.

Chanzo cha tatu ni msiba. Wakazi wa Kanda ya Ziwa wanaufahamu uzito wake kupitia ajali kubwa za majini, zikiwemo za MV Bukoba ya Mei 21, 1996 na MV Nyerere ya Septemba 20, 2018, pamoja na misiba mingi isiyotangazwa. Huzuni ya kufiwa si ugonjwa, na mila zetu za kukaa matanga humpa mfiwa watu wa kulia nao. Kipindi kigumu zaidi huwa ni baada ya waombolezaji kutawanyika. Jirani anayepita kumjulia hali mfiwa mwezi mmoja au miwili baadaye humsaidia wakati ambao wengi wamekwisha kurejea kwenye shughuli zao.

Hatua ambazo mwananchi anaweza kuchukua

Kwanza, litaje jambo linalokusumbua. Mtu anaposema "nina mawazo", huwa amebeba mambo kadhaa kwa pamoja. Chukua karatasi uyaandike moja moja, kisha uyagawe mafungu mawili: yale unayoweza kuyafanyia kitu wiki hii, na yale yaliyo nje ya uwezo wako. Mama lishe wa mfano wetu hawezi kuzuia mvua. Anaweza, hata hivyo, kumweleza mkopeshaji kabla ya siku ya kushindwa kulipa, kumshirikisha mwenza wake na kuacha kuchukua mkopo mpya wa kulipia wa zamani.

Pili, mwambie mtu unayemwamini. Anaweza kuwa mwenza, ndugu, rafiki, kiongozi wa dini au mwanakikundi mwenzako wa VICOBA. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Wanaume wanahimizwa zaidi katika hili, kwani wengi wamelelewa kuamini kuwa kusema shida ni kujidhalilisha.

Tatu, tuliza mwili. Keti mahali palipo tulivu, vuta pumzi taratibu kupitia puani huku ukihesabu hadi nne, kisha itoe taratibu zaidi ukihesabu hadi sita. Rudia kwa dakika tano. Zoezi hili halilipi deni, ila hupunguza mapigo ya moyo na kumwezesha mtu kufikiri kabla ya kutenda.

Nne, ushughulishe mwili. WHO inapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa angalau dakika 150 kwa wiki, sawa na kutembea kwa haraka dakika 30 kwa siku tano. Kushiriki ngoma, kwaya au michezo ya mtaani huongeza faida ya kuwa pamoja na wengine. Wasukuma wamejulikana kwa muda mrefu kwa kulima pamoja huku wakiimba, na kwa mashindano ya ngoma za Bagika na Bagalu baada ya mavuno. Kazi ngumu ikifanywa pamoja huchosha mwili bila kumwacha mtu peke yake na mawazo yake.

Tano, linda usingizi. Mtu mzima anahitaji takribani saa saba au zaidi kwa usiku. Lala na kuamka kwa muda uleule, weka simu mbali wakati wa kulala na usijadili madeni kitandani.

Sita, epuka pombe kama dawa ya mawazo. Pombe humfanya mtu asahau kwa saa chache, kisha huharibu usingizi, huongeza huzuni na kumaliza fedha zilizokusudiwa kwa chakula au marejesho. Serikali ilipiga marufuku pombe kali za viroba kuanzia Machi 1, 2017, lakini uamuzi wa kutokunywa ili kusahau shida unabaki kuwa wa mtu mwenyewe.

Saba, shughulikia deni kwa njia halali. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya Mwaka 2018 inamtaka anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni. Kabla ya kusaini, soma mkataba, piga hesabu ya fedha zote utakazolipa na uulize leseni ya mkopeshaji. Aidha, vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinaweza kuomba mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo asilimia 4 ni kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ofisi ya Maendeleo ya Jamii ya kata hutoa maelekezo.

Namna ya kumsaidia aliye karibu nawe

Anayepitia msongo huhitaji kusikilizwa kabla ya kushauriwa. Maneno kama "jikaze" au "wenzako wana shida kubwa zaidi" humfanya anyamaze. Ni bora kumwambia, "Nimeona siku hizi huna raha, kuna nini?" kisha kumwacha aseme bila kumkatiza. Usieneze aliyokueleza. Ukiona hali inamzidi, jitolee kumsindikiza kituo cha afya, kwa kuwa wengi hushindwa kwenda peke yao.

Watoto nao hupata msongo, ingawa mara nyingi hawana maneno ya kuueleza. Mtoto anayeanza kukojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, kushuka ghafla kimasomo, kukataa kwenda shule au kuwa mkimya kupita kawaida aulizwe kwa upole na asiadhibiwe.

Wakati wa kumwona mtaalamu

Huzuni au wasiwasi unaodumu zaidi ya wiki mbili, na unaomzuia mtu kufanya kazi, kula, kulala au kuhudumia familia, unaweza kuwa dalili ya sonona au tatizo jingine la afya ya akili. Kwa takwimu za WHO za mwaka 2019, mtu 1 kati ya 8 duniani, sawa na watu milioni 970, alikuwa akiishi na tatizo la afya ya akili. Matatizo haya yanatibika kwa unasihi, kwa dawa au kwa vyote viwili.

Mtu anaposema kuwa amechoka kuishi, kwamba wenzake wangekuwa na nafuu bila yeye, au anapoanza kugawa vitu vyake na kuaga, chukulia kauli hiyo kwa uzito. Kumuuliza waziwazi iwapo anafikiria kujidhuru hakumpandikizii wazo hilo. Humpa nafasi ya kusema. Usimwache peke yake, ondoa karibu naye vitu vinavyoweza kumdhuru na mpeleke kituo cha kutolea huduma za afya bila kusubiri kesho.

Huduma zinapatikana wapi

Baadhi ya wananchi bado wanaamini kuwa kutibiwa afya ya akili ni sawa na kupelekwa Mirembe, hospitali iliyoanzishwa Dodoma mwaka 1927 na ambayo leo ni Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili. Dhana hiyo huwachelewesha wengi. Safari ya matibabu huanzia katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Kwa mkazi wa Buhongwa, rufaa inaweza kumfikisha Hospitali ya Wilaya ya Nyamagana iliyopo Butimba, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou Toure au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, zote zikiwa ndani ya jiji.

Vilevile, Afisa Ustawi wa Jamii hutoa unasihi na kusuluhisha migogoro ya familia. Penye ukatili, Dawati la Jinsia na Watoto la Jeshi la Polisi hupokea malalamiko. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao jumuishi ulizinduliwa Januari 2024, wanaweza kumwelekeza mwananchi mahali sahihi pa kwenda. Kwa maelezo ya afya, mwananchi anaweza kupiga simu bila malipo namba 199 ya Wizara ya Afya, na kwa masuala ya watoto namba 116. Haki na matunzo ya watu wenye matatizo ya akili vinalindwa na Sheria ya Afya ya Akili ya Mwaka 2008.

Oktoba 10 ya kila mwaka ni Siku ya Afya ya Akili Duniani. Hata hivyo, mwananchi mwenye mzigo moyoni hapaswi kusubiri siku hiyo. Anashauriwa kumweleza mtu mmoja anayemwamini leo, na hali ikiendelea kwa zaidi ya wiki mbili, afike kituo cha afya kilicho karibu naye.