Saa za mkono: Anayeanza kukusanya aanzie wapi

Anayeanza kukusanya saa za mkono hana haja ya kukimbilia dhahabu. Seiko 5, iliyozinduliwa Japani mwaka wa 1963, yamtosha: haina betri, hujitia ufunguo yenyewe mkono unapotikisika, na huonyesha siku na tarehe.

Hatari imo katika zile kuukuu. Baadhi hupakwa rangi upya usoni, kisha zikauzwa kana kwamba hazijaguswa tangu kiwandani. Maandishi yaliyopinda huzifichua. Mnunuzi atazame pia nambari iliyo mgongoni. Tarakimu ya kwanza ndiyo ya mwisho katika mwaka ilipoundwa saa, na alama ya pili ni mwezi. Hivyo, 6 yaweza kuwa 1976 au 1986. Fundi afungue kifuniko, aisome nambari ya mtambo, kabla pesa hazijatolewa.